Barua Aliyokataa Kuibadilisha

Saa mbili na robo asubuhi, mlango wa chumba cha mbele uko wazi na harufu ya kitambaa chenye joto inatoka hadi barabarani. Mwanamke mmoja amesimama nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na juu ya blanketi shuka jeupe. Pasi inapita kwenye kola ya shati, mara moja kutoka kulia, mara moja kutoka kushoto, kisha kola inageuzwa.

Haangalii pasi. Anaangalia mshono.

"Wengi huanza na mgongo kwa sababu ni mpana na unanyooka haraka," anasema bila kuinua kichwa. "Ukimaliza mgongo ukaja kwenye kola, mgongo umeshakunjamana tena. Umefanya kazi mara mbili, na shati bado linaonekana kama limelaliwa."

Mlangoni anangoja mwenye shati, mwalimu wa shule ya jirani. Amevaa koti juu ya fulana na amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Shangazi, kengele ya kwanza inapigwa saa mbili na nusu."

"Basi nyamaza nifanye kazi. Au unataka uingie darasani kola imelala kama sikio la mbwa mgonjwa?"

Mwalimu anacheka na kujikunyata ndani ya koti lake. Dakika tano baadaye anaondoka mbio, shati likiwa bado na joto mgongoni.

Jina la Shangazi hakupewa na mpwa yeyote. Alilipata kiwandani, mahali alipofanya kazi miaka tisa kabla ya kuandika barua ya mistari minane na kuondoka. Kati ya wafanyakazi thelathini na mmoja wa ukumbi ule yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri, na mabinti waliomkuta pale waliona aibu kumwita kwa jina lake.

Leo ana miaka arobaini na minane. Ni mama wa watoto wawili na mke wa fundi saa ambaye kibanda chake kiko hatua ishirini kutoka mlango huu. Ukimuuliza kwa nini aliacha kazi, hatafuti maneno.

"Nilinyimwa kupumzika," anasema. "Watu wengine wakisikia hivyo wanadhani mimi ni mvivu. Mimi si mvivu. Nimenyoosha mashuka ambayo ukiyapanga barabarani utachoka kuyafuata."

Kiwanda hicho hufua mashuka, foronya na taulo za hoteli na hospitali. Mashuka yakitoka kwenye mashine za kukamulia hupelekwa kwenye roli za moto, mitungi mirefu ya chuma inayozunguka na kupashwa moto kwa mvuke wa boila. Wafanyakazi wawili husimama mbele yake. Kila mmoja hushika pembe yake, wanalivuta shuka, wanalikung'uta mara moja, wanaliingiza. Kabla halijamalizika kumezwa, mikono inapaswa iwe imeshashika lingine.

"Ile mashine haina subira," anasema Shangazi. "Haijui kama una mafua, haijui kama una msiba. Inameza tu."

Kwa miaka mingi alishika pembe ya kulia. Ya kushoto ilishikwa na mwanamke aliyezaliwa miaka kumi na miwili baada yake, ambaye wenzao walimpachika jina la Pacha, kwa sababu wawili hao walikung'uta shuka kwa pamoja kama watu waliozaliwa siku moja. Kwa zamu moja, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni, walikuwa wanapitisha mashuka yasiyopungua mia tisa.

Mkataba ulisema wana nusu saa ya mapumziko, saa saba mchana. Miaka saba ya kwanza nusu saa hiyo ilikuwepo. Mzee wa boila alikuwa anakata mvuke, roli zinasimama, watu wanaketi juu ya kreti zilizopinduliwa na kufungua vyakula walivyokuja navyo. Kuna waliokuwa wanalala kabisa, midomo wazi, wakaamshwa kwa kutekenywa.

Kisha kiwanda kikapata hoteli nyingine tatu kwa mpigo. Kazi ikaongezeka, watu hawakuongezeka, na msimamizi mpya akaletwa.

Msimamizi huyo hakuwa mtu wa kupiga kelele. Shangazi anamweleza kama mtu nadhifu, mpole wa sauti, mwenye kalamu mbili mfukoni. Siku ya kwanza saa saba ilipofika, mabinti walimtazama wakingoja roli zizimwe.

"Bado," akasema.

Saa saba na nusu wakamtazama tena. "Bado kidogo."

Saa nane hakuna aliyemtazama. Mwisho wa wiki alikuwa ameshabatizwa jina: Bado. Lilimganda mpaka wengine walilisahau jina lake la kweli, na wapo waliokuwa wanajikwaa ulimi mbele ya meneja wakisema, "Bado ameniambia nisubiri," meneja anauliza, "Kwa hiyo ameshakwambia au bado?"

Shangazi anacheka akikumbuka hilo, anafuta jicho kwa mgongo wa mkono. Kisha anaweka pasi kando.

"Tulikuwa tunacheka hivyo hivyo huku tunaumia."

Chakula walijifunza kukila wima, tonge moja kati ya shuka na shuka, mwenzako akishika pembe zote mbili kwa sekunde chache. Kwenda chooni ilikuwa kwa kibao, kipande cha mbao kilichotundikwa msumarini kando ya meza ya Bado. Kilikuwa kimoja kwa watu thelathini na mmoja. Ukikuta msumari mtupu, unarudi kwenye mashine. Ukikikuta, unaulizwa: "Tangu asubuhi hii ni mara ya ngapi?"

Na kila jioni, getini, lilikuwepo daftari la mahudhurio. Safu ya mwisho ilikuwa imeshaandikwa kwa mkono nadhifu wa Bado: *Mapumziko, saa 7:00 hadi 7:30*. Mfanyakazi alitakiwa kutia sahihi mbele yake. Asiyetia sahihi, siku yake haihesabiwi.

"Nilitia," anasema Shangazi. "Kila siku nilitia. Nilikuwa nataka kuwahi nyumbani. Sikujua kwamba ninajifunga kamba kwa mkono wangu mwenyewe."

Ili asihitaji kibao, aliacha kunywa maji. Mabinti wengi walifanya hivyo. Katika ukumbi ambao jasho linadondoka kutoka kidevuni hadi kwenye viatu, walikuwa wanapitisha saa tisa kwa funda moja la asubuhi.

Mwili ulidai haki yake. Kwanza yalikuja maumivu chini ya kitovu, halafu homa, halafu mkojo uliomtoa machozi. Muuguzi wa zahanati alimpa dawa na kumuuliza anakunywa maji kiasi gani. Alipojibu, muuguzi aliweka kalamu chini.

"Mama, figo zako si za kukopesha. Maji unywe, na ukisikia haja, uende. Hiyo ndiyo dawa yenyewe. Hivi vidonge ni msaada tu."

Kesho yake Shangazi alikwenda kazini na chupa ya maji. Aliiweka chini ya mashine, karibu na mguu wake. Ilipofika saa nne Bado aliiona. Hakumgombeza. Aliichukua, akaifungua, akaimwaga polepole kwenye mfereji wa maji machafu, akairudisha pale pale ikiwa tupu.

"Maji na umeme havikai pamoja," akamwambia kwa upole. "Ni kwa usalama wako."

Shangazi alikuwa ameshakunywa nusu yake.

Sehemu inayofuata anaisimulia akiwa ameketi, macho yakiwa barabarani. Aliruhusu iandikwe. Anasema alifikiri siku mbili kabla ya kuruhusu.

Saa tano aliomba kibao. Msumari ulikuwa mtupu. Saa tano na nusu aliomba tena. Bado akasema hoteli inangoja mashuka yake na gari liko nje. Saa sita kasoro aliomba mara ya tatu, akajibiwa neno lile lile ambalo wote walikuwa wanalijua.

"Nilijikaza. Nilikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, nina binti anayekaribia kuolewa. Nikajiambia, hili haliwezi kunitokea mimi. Likanitokea. Nimesimama, nimeshika pembe ya shuka, na mashine inavuta."

Pacha, upande wa pili wa shuka, aliona. Aliingiza shuka lile kwa mikono yote miwili, akanyoosha mguu na kuliburuta taulo moja kutoka kwenye rundo la nguo chafu, akalisogeza mpaka kwenye viatu vya mwenzake. Kisha akapandisha sauti na kuanza kusimulia kisa cha mbuzi wa shemeji yake, kisa kirefu kisicho na kichwa wala miguu, ili watu wamtazame yeye.

"Mpaka leo sijui yule mbuzi alifanya nini," anasema Shangazi. "Lakini Mungu ambariki."

Alifunga taulo kiunoni na kufanya kazi hadi saa kumi.

Nyumbani hakumweleza mumewe usiku ule. Alimweleza asubuhi ya siku ya pili, ambayo ilikuwa siku yake ya mapumziko ya wiki, wakati fundi saa huyo akiwa ameinamia saa ya mkononi, lenzi ikiwa jichoni. Fundi alisikiliza bila kugeuka. Mkewe alipomaliza, alitoa lenzi, akaiweka mezani.

"Nilikuwa nataka kwenda kule," fundi saa anakumbuka. Ni mwanamume mwembamba, mwenye sauti ndogo. "Sijawahi kupigana tangu nizaliwe, lakini siku ile nilitaka kwenda. Mke wangu akanishika mkono. Akaniambia, 'Baba, hutakwenda. Nitakwenda mimi, na nitakwenda na karatasi.'"

Waliandika barua hiyo mezani, katikati ya springi na vioo vya saa. Binti yao mkubwa alitaka kuipamba kwa maneno ya ofisini. Mama akakataa. Nakala yake anayo hadi leo, ndani ya bahasha ya plastiki, na sehemu yake inasema:

*Naacha kazi kuanzia leo. Sababu ni kwamba kwa miaka miwili hatupewi nusu saa ya mapumziko iliyoandikwa kwenye mkataba, wala haturuhusiwi kwenda chooni tunapohitaji. Nimeugua kwa sababu hiyo. Jumanne nilidhalilika mbele ya wenzangu. Sikuacha kwa kupenda.*

Fundi saa alisisitiza jambo moja. "Mtu akiniletea saa, nampa karatasi," alimwambia mkewe. "Na wewe ukimpa mtu barua, akupe karatasi." Kwa hiyo aliiandika mara mbili, na asubuhi iliyofuata akampa dada wa mapokezi nakala zote mbili. Dada yule, bila kusoma, alizigonga muhuri wa kupokelewa na kumrudishia moja.

Kabla hajafika getini aliitwa arudi. Ofisa utumishi wa kiwanda alikuwa ameshaisoma. Alimkaribisha kiti, jambo ambalo Shangazi anasema lilimshtua kuliko yote, kwa kuwa katika miaka tisa hakuwahi kuketi ndani ya jengo lile wakati wa kazi.

"Mama, umeandika kwa hasira," ofisa alimwambia. "Watu huacha kazi kila siku. Andika tu 'kwa sababu za kifamilia.' Ukiandika hivyo, cheti chako cha utumishi unakipata leo hii, na tunaagana vizuri."

"Familia yangu haijanifanya lolote."

"Ni neno tu, mama."

"Kama ni neno tu, liache lilivyo."

Ofisa akamsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Shangazi aliitazama karatasi ile. Anakiri kwamba alishawishika. Cheti cha utumishi ndicho kinachoonyesha mahali pengine kwamba umefanya kazi, kazi gani, na kwa miaka mingapi. Bila hicho, miaka tisa yake ingekuwa hewa.

"Mkono ulikwenda kwenye kalamu, sitakudanganya. Halafu nikawaza: wale mabinti nimewaacha kule ndani. Kesho mmoja wao akifika hapa, ataambiwa hakuna aliyewahi kulalamika. Na karatasi itaonyesha kwamba ni kweli, Shangazi aliondoka kwa mambo ya kifamilia."

Aliinuka na kusema kwaheri. Wiki iliyofuata alipata barua kutoka kiwandani. Ilisema ametoroka kazini, kwamba hakutoa notisi ya mwezi mmoja na kwa hiyo ni yeye anayedaiwa na kiwanda radhi pamoja na mshahara wa mwezi huo, na kwamba cheti hakitatolewa.

Miezi mitatu ilipita. Alikwenda hoteli mbili na kiwanda kingine cha kufulia. Kote waliuliza cheti. Nyumba iliendeshwa kwa saa za mumewe, na watu, anasema fundi mwenyewe, siku hizi wanatazama wakati kwenye simu.

Aliyemfungua macho ni yule yule muuguzi. Shangazi alirudi zahanati kupimwa, akasema ameshaacha ile kazi.

"Uliwaandikia sababu?" muuguzi akauliza.

"Niliandika. Wakasema mimi ni mtoro."

"Mtoro haagi kwa barua yenye muhuri. Nenda ofisi ya kazi. Usiende na machozi, nenda na bahasha."

Ofisi ya kazi ilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Ofisa wa kazi aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba. Aliisoma nakala ya barua mara mbili, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Nani alikwambia uandike 'sikuacha kwa kupenda'?" akauliza.

"Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa."

"Mstari huu ungeutoa, ningekuwa na kazi ngumu sana."

Mwandishi wa makala haya alipomtembelea ofisa huyo, ofisa alieleza kwa maneno mepesi. "Mtu anaweza kuacha kazi kwa mkono wake mwenyewe, lakini aliyemtoa akawa mwajiri," alisema. "Ukivunja mkataba kwa kumnyima mtu haki za msingi mpaka hawezi kuendelea, huwezi kugeuka ukasema amekutoroka. Sheria hazifanani kila mahali na kila kesi ina mambo yake. Ndiyo maana nawaambia watu waje kuuliza kabla ya kuondoka, wakiweza. Wengi wanakuja wameshatia sahihi karatasi inayosema hawana madai yoyote."

Je, siku za likizo ulizozifanyia kazi zinapotea ukiacha mwenyewe? "Hazipotei. Hizo umeshazitolea jasho. Na cheti cha utumishi si zawadi ya mfanyakazi mtiifu. Hata mliyegombana naye, unampa."

Kiwanda kiliitwa kwenye kikao cha usuluhishi. Walikuja watatu: ofisa utumishi, mwanasheria, na Bado mwenyewe, kalamu zake mbili mfukoni. Waliweka mezani maboksi mawili ya madaftari.

Mwanasheria alifungua moja na kumsogezea Shangazi.

"Mama, hii sahihi ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hii?"

"Yangu."

"Kwenye safu ya mapumziko. Umetia sahihi kwamba umepumzika, siku zaidi ya mia tano. Leo unatuambia hukupumzika. Tuamini mkono wako au mdomo wako?"

Kulikuwa na pigo lingine pia. Chini ya madaftari ilikuwepo karatasi yenye maelezo ya mfanyakazi aliyesema mapumziko yalikuwa yanatolewa kama kawaida. Sahihi ilikuwa ya Pacha.

"Hapo ndipo nilipoumia. Daftari lilinichoma, lakini ile karatasi ilinikata."

Ofisa wa kazi hakumhimiza. Alimuuliza tu swali moja: zamani, mapumziko yalipokuwepo, mashine ilikuwa inazimwaje?

"Mzee wa boila anakata mvuke," Shangazi akajibu, bila kujua anachoulizwa. "Halafu anaandika."

"Anaandika wapi?"

Mzee wa boila aliitwa kwenye kikao cha pili. Alibakiwa na miezi minne tu astaafu, na Shangazi alikuwa na hakika kwamba hatatokea. Alitokea dakika kumi kabla ya wakati, amevaa suti ya harusi yake, chini ya kwapa ana madaftari manene yenye madoa ya mafuta. Kila nusu saa, kwa miaka ishirini na mbili, alikuwa ameandika kipimo cha mvuke kwa penseli. Katika kurasa za zamani, saa saba ya kila siku ilikuwa na maneno matatu: *Roli zimezimwa, mapumziko*. Miaka miwili ya mwisho, saa saba ilikuwa na kipimo tu, sawa na saa sita na nusu, sawa na saa saba na nusu.

Mwanasheria alimuuliza kama ana uhakika hakukosea.

"Mimi, kijana wangu, naandika kilichopo kwenye geji," mzee akajibu. "Ningekosea siku moja, boila ingetuambia sote."

Hata Bado, anasema Shangazi, alikaribia kutabasamu.

Siku hiyo hiyo walikubaliana. Kiwanda kiliondoa neno utoro, kikakubali kwamba ndicho kilichomsukuma kuondoka, kikamlipa malipo ya notisi na siku zote za likizo ambazo hakuchukua. Alipopewa fedha hizo alizihesabu haraka haraka. Cheti alikisoma taratibu, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, kazi: mnyoosha mashuka.

Fedha ndizo zilizonunua meza, pasi mbili na kuweka sakafu ya saruji katika chumba hiki. Kwa siku ananyoosha kati ya nguo arobaini na sitini. Anakiri kuna miezi ambayo kipato hakifikii mshahara wa kiwandani. "Lakini maji nakunywa," anasema, na kuonyesha mtungi uliofunikwa sahani pembeni.

Kwa Pacha hakwenda, na Pacha hakuja, kwa muda wa mwezi mzima. Kisha Jumapili moja mchana alimwona amesimama ng'ambo ya barabara, hajui avuke au arudi. Shangazi akaendelea kupiga pasi. Hatimaye Pacha akavuka.

"Waliniambia nisiposaini, mkataba wangu hautaongezwa," akasema akiwa mlangoni. "Nina watoto watatu, Shangazi. Baba yao unajua aliko."

"Najua."

"Nimekula chumvi yako miaka yote ile, halafu nikakufanyia vile."

Shangazi anasema alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga. Kwenye meza kulikuwa na shuka la mteja, kubwa, ambalo alikuwa anahangaika nalo peke yake. Akamwambia, "Shika pembe hiyo."

Pacha akashika pembe ya kushoto. Walilikung'uta mara moja, wakalikunja. Ndipo wote wawili wakalia, na mteja aliyefika kuchukua suruali yake akageuka kimyakimya na kurudi baadaye.

Kwa kauli ya Pacha, ambaye bado yuko kiwandani, roli sasa zinazimwa saa saba, na kwenye msumari hakuna tena kibao. Meneja wa kiwanda, alipoulizwa na mwandishi, alisema kwa simu kwamba "utaratibu wa mapumziko umeboreshwa" na kwamba hangependa kuzungumzia wafanyakazi wa zamani. Bado yungali msimamizi. Hakutaka kuhojiwa.

Shangazi hamtukani. "Yule naye alikuwa na mtu juu yake," anasema. "Nilimwona siku moja anaomba ruhusa akamzike mjomba wake. Unajua alijibiwa nini?"

Mabinti wa viwandani na madukani wameanza kumfuata hapa. Mmoja alikuja wiki iliyopita, mfanyakazi wa duka la vyombo, anayesimama kwa muda wa saa kumi bila kuketi. Alikuwa anataka kuondoka siku hiyo hiyo bila kuaga. Shangazi alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akamwandikia kwenye kipande cha karatasi mahali ofisi ya kazi ilipo na saa inayofunguliwa. Hakumwambia aache wala abaki. "Maisha ni yake," anasema. "Mimi nilimwambia tu, kabla ya kufunga mlango, uliza. Na ukiandika, andika lililotokea."

Mkataba wa Pacha unakwisha mwezi ujao, na safari hii hataomba uongezwe. Chumba cha pili, kilichokuwa stoo ya fundi saa, kimeshapakwa chokaa. Nyumba moja ya wageni imekubali kuleta mashuka yake kila Jumatatu na Alhamisi. Pacha atakuwa mwajiriwa wa kwanza wa Shangazi, na baada yake, mambo yakienda vizuri, watatafutwa wengine wawili.

Mkataba wa kazi umekuwa mezani kwa siku sita sasa. Shangazi anauandika mwenyewe, kwenye daftari la shule, na umemtoa jasho kuliko roli za moto. Ukurasa wa saa za kazi ameuandika mara nne. Anaogopa, anasema waziwazi. Anaogopa siku ambayo mashuka yatakuwa mengi, gari la mteja liko nje, na mwenzake anamwomba dakika kumi.

Kwa hiyo amempelekea ofisa wa kazi ausome, naye amemrudishia akiwa amesahihisha mambo mawili kwa wino mwekundu. Pacha naye aliusoma jana, akiwa amesimama mlangoni, akifuata mistari kwa kidole. Alipofika mwisho aliuliza kwa nini kifungu cha kuacha kazi ni kirefu kuliko vyote.

"Hujaanza kazi, unanifundisha jinsi ya kuondoka?"

"Nimeweka kila kitu," Shangazi akamjibu. "Notisi yako, likizo yako, cheti chako. Siku ukichoka na mimi, usije ukatafuta mtu wa kukueleza."

Anakunja daftari na kulisukuma chini ya shuka la meza ili lisishike maji. Nje, mteja mwingine anasogea na rundo la nguo begani.

"Najua wataondoka siku moja, kila mtu huondoka," anasema, akinyoosha mkono kuichukua pasi. "Ninachotaka ni kimoja. Mtu akiniacha, aniache kwa sababu amepata pazuri zaidi."